Vipuri vya Pikipiki Kuukuu: Kagua Kabla ya Kulipa

Pikipiki iliyotumika miaka mingi hudai vipuri mara kwa mara, na mtumiaji hushawishika kufuata bei ya chini. Kifuniko cha pembeni kikiwa duni, hasara huishia mfukoni. Breki, tairi au cheni ikiwa duni, hasara huweza kuwa uhai wa dereva na abiria wake.

Kabla ya kwenda dukani, nakili aina ya pikipiki, mwaka wa kutengenezwa na namba ya chesisi kutoka kwenye kadi. Chukua kipuri cha zamani ukilinganishe na kipya: umbo, vipimo, uzito na namba iliyochongwa. Maandishi yenye makosa kwenye kifungashio, au kukosekana kwa jina la mtengenezaji, ni dalili za bidhaa bandia.

Katika tairi, tafuta tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huchakaa hata ukiwa ghalani. Cheni na sproketi zake zibadilishwe kwa pamoja, kwa kuwa sproketi iliyolika huharibu cheni mpya upesi.

Dai risiti ya kielektroniki inayotaja kipuri, na uhifadhi kifungashio. Nchini Tanzania, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa bandia, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Mlalamikaji asiye na risiti wala kifungashio hupata ugumu kuthibitisha haki yake.