Matumbawe ya bandia yapamba tangi bila kuumega mwamba

UREMBO wa tangi la samaki sebuleni aghalabu hutoka baharini, na bahari ndiyo hulipa gharama. Tumbawe hung'olewa mwambani, hukaushwa na kung'arishwa hadi likawa jeupe, kisha hutumbukizwa ndani ya kioo pamoja na makombe. Mtazamaji huliona kuwa jiwe zuri tu. Kwa hakika, hiyo ni mifupa iliyojengwa polepole mno na viumbe wadogo. Matumbawe mengi ya umbo la mviringo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka.

Miamba ya Malindi na Watamu, iliyofanywa hifadhi mwaka wa 1968, iliathirika vibaya mwaka wa 1998 wakati joto la El Nino lilipoyageuza matumbawe kuwa meupe na mengi yakafa. Mwamba ulioumizwa hivyo na joto hauhitaji mkono wa binadamu wa kuumega zaidi.

Hapo ndipo mapambo ya bandia yanapofaa. Yale ya silikoni ni laini na huyumba maji yanaposukumwa na pampu, hata konyeza aliyefungwa kwa uzi mwembamba akaonekana kana kwamba anaogelea. Ya rezini ni magumu, lakini huiga vyema vinundu na mianya ya tumbawe.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mifupa ya tumbawe ni chokaa. Katika maji ya chumvi haina madhara, ila katika tangi la maji yasiyo na chumvi huyeyuka kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa magumu. Samaki kama neon tetra, ambaye asili yake ni mito ya Amazon yenye maji laini, huweza kudhoofika, naye mwenyewe akadhani ni ugonjwa. Silikoni safi haibadilishi maji.

Hata hivyo, si kila pambo la dukani ni salama. Lifaalo ni lile lililotengenezwa mahususi kwa matangi. Likilowekwa ndooni kwa siku moja au mbili, maji yakabadilika rangi au kunuka, lirudishwe. Kingo zake zipimwe kwa soksi nyembamba za wanawake: zikikwaruza na kuchana soksi, zitachana pia mapezi ya samaki wa dhahabu.

Wala tangi lisijazwe hadi samaki akakosa pa kugeukia. Chakula kilichonaswa nyuma ya mapambo huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Pia, mmea wa plastiki haufyonzi uchafu jinsi ufanyavyo mmea hai, hivyo sehemu ya maji haina budi kubadilishwa mara kwa mara.

Baada ya majuma machache ukungu wa kijani utatanda juu ya mapambo. Husuguliwa kwa mswaki mpya, katika maji yaliyotolewa tangini, bila sabuni.