Kabla ya Kununua Deki, Igeuze TV Yako

Deki huuzwa kwa maneno ya kwenye boksi: 1080p, 5.1, sauti ya sinema. Mkazi wa Ziba anayeshuka Igunga au Nzega kununua deki ya kutazamia kwaya, nyimbo za Kisukuma na filamu za marehemu Steven Kanumba ataokoa fedha nyingi akianzia nyumbani: aigeuze TV yake na kutazama matundu ya nyuma.

TV ya chogo ina matundu ya AV, yaani la njano la picha, na jekundu na jeupe ya sauti. Deki yenye HDMI peke yake haitaungana nayo mpaka ununue kigeuzi. Mwenye flati atumie HDMI, picha itatulia zaidi, ila asidanganyike na hiyo 1080p. DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika Tanzania, imebeba mistari 576 ya picha. VCD ina 288 tu. Deki inayojitapa kufikisha 1080 inatanua picha ileile, haiongezi kitu ambacho hakikuwamo kwenye diski. Kwenye chogo hutaona tofauti yoyote. Na zile diski za filamu 20 au zaidi kwa pamoja zimeminywa mno kiasi kwamba hakuna mashine ya kuzirudishia ubora. Kwa mwenye kabati la diski za namna hiyo, sioni sababu ya deki ya bei kubwa.

Sauti je? Deki ya 5.1 ina matundu 6 ya sauti, na bila spika 6 za kuyapokea yatabaki mapambo. Nyumba nyingi zina sabufa inayopokea nyekundu na nyeupe. Tafuta basi deki yenye HDMI na AV kwa pamoja: picha iende kwenye flati, sauti iende moja kwa moja kwenye sabufa, maana baadhi ya flati hazina tundu la kutolea sauti ya namna hiyo.

Jambo kubwa zaidi huku kwetu ni umeme. Deki yenyewe hula kidogo, kama wati 10 hadi 15. Mlaji ni TV. Chukua betri ya sola ya volti 12, Ah 50. Ina Wh 600, lakini betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 300. Chogo ya inchi 21 inayokula wati 70, pamoja na deki ya 12, ikipitia inveta ambayo nayo hula chake, itakupa takriban saa 3. Flati ndogo ya volti 12 yenye wati 30, na deki ambayo adapta yake imeandikwa 12V, zikichomekwa bila inveta zitakaribia saa 7. Kwa hiyo mwenye sola asome maandishi madogo ya kwenye adapta kabla ya kusoma boksi. Mwenye umeme wa gridi anunue kilinda umeme kwanza.

Nenda dukani na diski zako mwenyewe, hasa ile ya harusi. Hiyo ni DVD-R iliyoandikwa na mpiga video, na jicho la deki hafifu hushindwa kuisoma hata kama diski za dukani inazisoma vizuri. Ikiwa ndugu yako Oman au Uingereza hukutumia diski, uliza kama deki inabagua kanda: Tanzania iko kanda ya 5, wao wako ya 2. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, usikimbilie kwa fundi. Bonyeza kwanza kitufe cha P/N kwenye rimoti, kinachobadili mfumo wa picha.

Flashi nayo ijaribiwe palepale. Deki nyingi za zamani hucheza faili za AVI na kuzikataa MP4 za simu. Flashi iwe ya FAT32, na faili moja lisifike GB 4.

Ukishaifunga nyumbani, kile kitambaa cha kufuma kiondolewe kila deki inapowashwa. Vumbi la kiangazi huchafua jicho, ni kweli, lakini matundu ya hewa yakizibwa joto huimaliza deki haraka kuliko vumbi.