Dereva wa Hatari Barabara ya Rusumo: Atambuliwe kwa Nini, Aripotiwe kwa Nani

Mtu anayetoka Ngara akavuka daraja la Rusumo kuingia Kirehe hubadili mambo mawili kwa mara moja: nchi na upande wa barabara. Tanzania huendesha kushoto, Rwanda huendesha kulia. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2016, dereva hakaguliwi tena mara mbili, na wafanyabiashara wameufurahia urahisi huo. Sisi pia tunaufurahia. Lakini dereva aliyechoka naye huvuka upesi zaidi, akiwa na nafasi finyu ya kukumbuka kwamba mkono umebadilika.

Wengi hudhani kosa la kusahau upande hutokea palepale darajani. Sivyo. Pale kuna magari mengine ya kufuata, kuna alama na askari. Kosa hutokea baadaye, dereva anapoegesha apate chakula au alale, kisha akaondoka alfajiri wakati barabara ni tupu. Hana gari la mbele la kumkumbusha, basi mazoea ya miaka mingi humrudisha upande wa kwao. Atakayemwona kwanza ni mama aliyeamka kufungua kibanda, au kijana anayesukuma baiskeli yenye ndizi. Dereva wa Rwanda aliyelala Benako hukabiliwa na hatari iyo hiyo, kwa hiyo tunawaomba jirani zetu wa Ngara wamwangalie kama sisi tunavyowaangalia wa kwao.

Liko na jambo la usukani. Lori la Tanzania lina usukani kulia. Linapotembea upande wa kulia wa barabara yetu, dereva wake yu karibu na mtaro na haoni vizuri kinachokuja mbele ya gari analotaka kulipita. Hulazimika kutoa kichwa kizima cha lori nje ya mstari ndipo aone. Mkiona lori linalochungulia hivyo karibu na kona au kilele cha mlima, msidhani ni ujeuri mtupu, ila hatari yake ni ileile, na linafaa kuripotiwa.

Usingizi tunauhofia kuliko mengine yote. Kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200, na wako madereva wanaofika wakiwa wamelala kwa vipande vipande tu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita takribani mita 17 kila sekunde; akisinzia sekunde tatu, lori limekwenda mita 50 bila mwenyewe. Dalili zake zaonekana hata kwa aliye kando ya njia. Gari huelea polepole hadi ukingoni, kisha hurudishwa ghafula. Mwendo hupanda na kushuka bila sababu. Taa kali hazishushwi kwa gari linalokuja. Usingizi huja zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, na tena mchana baada ya chakula, jua linapokuwa kali. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakumwamshi mtu kwa muda wa maana. Dawa ni kulala.

Mlevi hufanana na mwenye usingizi, ila mikono yake ni ya haraka zaidi. Hukata kona kwa upana uliopita kiasi, hufunga breki pasipo na kitu, hukaribia mno gari la mbele, au huendesha usiku taa zikiwa zimezimwa. Wengine huenda polepole kupita kiasi kwa kuogopa kutambuliwa. Urwagwa na pombe ya mtama havina tofauti na bia ya chupa katika jambo hili, ingawa kuna wazee wanaotubishia. Kahawa haiondoi pombe mwilini, wala kuoga. Ni saa tu zinazoiondoa, na aliyekunywa hadi usiku wa manane aweza kuwa bado amelewa anapowasha gari saa kumi na mbili asubuhi.

Pia ziko hatari ambazo si za dereva bali za chombo. Kwenye miteremko yetu, lori likipita na harufu ya kuungua au moshi magurudumuni, breki zimepata moto na huenda zisishike mteremko unaofuata. Hapo dakika ni chache, na simu yenu ina thamani kubwa.

Mnapopiga, semeni mlichokiona, msitoe hukumu. "Lori linayumba hadi upande wa pili" ni taarifa; "dereva amelewa" ni dhana. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka aweza kuyumba na kuongea kama mlevi, naye anahitaji matibabu kabla ya kitu kingine chochote.

Nchini Rwanda namba ya dharura ni 112, na ajali za barabarani ni 113. Tanzania nayo hutumia 112 kwa dharura. Hapo ndipo wakazi wa mpakani hupata utata: simu iliyoshika mtandao wa ng'ambo yaweza kupeleka mwito wako ng'ambo. Kwa hiyo anza kwa kutaja nchi uliyopo, kisha mahali, gari linaelekea wapi, rangi yake na namba. Namba za Tanzania huanza na T, za Rwanda huanza na R. Kichwa na tela huwa na namba tofauti. Ukiwahi moja, sema ni ya kipi. Usilifukuze gari, usiweke mawe barabarani, na kama wewe ndiwe unayeendesha, mpe simu abiria wako au simama kwanza.

Tunajua kinachowazuia wengi. Baada ya ajali husikika sauti kando ya barabara: "Tulimwona tangu kule juu." Hawakupiga kwa sababu dereva ni shemeji, au ni yule anayewabebea mahindi kwa bei nafuu. Hatuwalaumu kwa kumpenda shemeji. Tunachosema ni kwamba aliyesimamishwa na askari hulala akiwa hai, na watoto waliokuwa wakielekea shuleni hufika. Wapo pia, ingawa wachache, wanaotupigia ili kumkomoa mshindani wa biashara. Hao tunawaomba waache, kwani askari aliyetumwa kwenye uongo hayupo penye ukweli.

Abiria na utingo wana nafasi ambayo sisi hatuna: wamo ndani. Utingo anayemwona tajiri wake akisinzia amwambie wasimame, hata akitukanwa. Abiria wa basi waseme kwa pamoja, kwa adabu, kwa kuwa dereva humpuuza mmoja kwa urahisi. Asiposikia, mmoja wao apige simu. Na ikiwa askari aliyekuja atamwachia dereva huyo kwa kupokea fedha, Rwanda kuna namba 3511 ya kumlalamikia askari, nayo tunaichapa hapa kwa kusudi.