Hasira Baada ya Karata Nzuri

Katika poka ya Texas Hold'em, mwenye ree mbili akikutana na mwenye wafalme wawili kabla karata za mezani hazijafunuliwa, hushinda takriban mara 82 katika kila 100. Mara zilizobaki hupoteza, na hapo hajakosea lolote. Mtihani wake huanzia hapo. Mtu aliyekuwa ametulia anaanza kupandisha dau kwa karata mbovu, anamwandama aliyemshinda, anataka fedha zake zirudi usiku huohuo. Wachezaji huiita hali hiyo tilti, nayo imewafilisi hata wanaoujua mchezo barabara.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile. Walionyesha pia kwamba mtu mwoga wa kubahatisha anapokuwa kwenye faida, hugeuka jasiri anapokabiliwa na hasara. Huko Helsinki, Jussi Palomäki na wenzake waliwachunguza wachezaji wa poka ya mtandaoni, wakakuta kwamba tilti mara nyingi huambatana na hisia ya kuonewa. Anayeamini amedhulumiwa hudai haki yake, na karata hazina haki ya kumlipa.

Je, dawa ni kuua hisia? Utafiti wa Antoine Bechara na António Damasio huko Iowa, miaka ya 1990, unakataa. Washiriki walichagua karata kutoka mafungu manne, mawili kati yao yakiwa ya hasara. Wenye afya walianza kutokwa jasho viganjani kabla ya kugusa mafungu mabaya, hata walipokuwa bado hawajaweza kueleza ubaya wake. Waliojeruhiwa sehemu ya mbele ya ubongo hawakupata onyo hilo, wakaendelea kupoteza. Hisia basi ni taarifa. Ya kuogopwa ni ile inayodai ilipiziwe kisasi.

Ndiyo maana Annie Duke, bingwa wa poka aliyesomea saikolojia, husisitiza kupima uamuzi wenyewe badala ya matokeo yake. Jiulize: kwa niliyoyajua wakati ule, nilicheza sawasawa? Kama ndiyo, hasara hiyo haihitaji kukombolewa. Kikomo cha hasara nacho kipangwe kabla ya kuketi, kwa sababu aliyekwisha kupandwa na hasira ni hakimu mbovu wa hali yake.

Anayebeti mpira kwa simu, Nairobi au Dar es Salaam, huingia kwenye mtego huohuo mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobeti, unapochanika kwa goli la dakika ya mwisho. Kwake hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa odi, yaani viwango vya malipo, hupangwa ili kampuni ibaki na faida, na kila dau la kufidia linaanza na upungufu. Akiona kikomo alichojiwekea kinavunjwa tena na tena, aache kabisa, na amwambie mtu anayemwamini amsaidie kuacha.