Je, Wajua? Maajabu ya Tarakimu na Kugawanya

Je, wajua kwamba ipo namba moja tu yenye tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9, kila moja mara moja, ambayo tarakimu zake mbili za mwanzo zinagawanyika kwa 2, tatu za mwanzo kwa 3, nne kwa 4, mpaka zote kumi kwa 10, bila baki? Ni 3816547290.

Je, wajua kwamba kompyuta ikiachiwa kuitafuta namba hiyo kibubusa ina mipangilio 3,628,800 ya kupitia? Mwandishi wa programu anayejua hesabu huipunguzia kazi. Tarakimu ya kumi lazima iwe 0, ya tano lazima iwe 5, na nafasi nyingine za shufwa zichukue 2, 4, 6 na 8. Inabaki mipangilio 576 tu.

Je, wajua kwamba mchezo huohuo, tarakimu zikiruhusiwa kujirudia, una mwisho? Namba ndefu kuliko zote ina tarakimu 25: 3608528850368400786036725. Ongeza tarakimu yoyote baada ya 5 ile ya mwisho, hakuna itakayogawanyika kwa 26.

Je, wajua kwamba mwaka 1949 mwalimu wa shule wa Devlali, India, D. R. Kaprekar, aligundua namba inayozivuta nyingine? Chukua namba ya tarakimu nne zisizofanana zote, mfano 3524. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha kinyume chake, utoe: 5432 − 2345 = 3087. Rudia: 8730 − 0378 = 8352. Tena: 8532 − 2358 = 6174. Hapo utakwama daima. Kompyuta hukagua namba zote za aina hiyo kufumba na kufumbua: hakuna inayozidi hatua saba. Na kila jibu ni kigawe cha 9, kwa kuwa kupanga upya tarakimu hakubadili baki la kugawanya kwa 9.

Je, wajua kwamba ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu, hujilinda kwa kugawanya? Zidisha tarakimu zake 13 kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu, kisha jumlisha: jumla lazima igawanyike kwa 10. Ukikosea tarakimu moja, haigawanyiki. Ila ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili jirani zinazopishana kwa 5, kama 1 na 6, kosa hupenya. Chukua kitabu kilicho karibu nawe ujaribu.