ANAYEFUNDISHA KAZI NA ANAYEFUNDISHWA, KILA MMOJA APATE HAKI YAKE



Hapa Uganda, kuanzia mashamba ya chai ya Toro na Bushenyi hadi viwanda vya sukari vya Busoga, wengi wetu hatukufundishwa kazi shuleni. Tulifundishwa na wenzetu. Kijana anaajiriwa kubeba magunia au kusogeza kuni. Fundi anamwona ana bidii, anamwita: "Njoo ushike hapa, utazame ninavyofanya." Baada ya miaka miwili au mitatu kijana yule anaendesha mashine. Hiyo ndiyo shule yetu, na imetoa mafundi hodari.

Lakini shule hii ina kasoro mbili. Anayefundishwa anaijua kazi, lakini katika karatasi ya mshahara bado anaitwa kibarua. Anayefundisha anatoa ujuzi wake, lakini halipwi kwa kufundisha, na pengine anaogopa kufukuzwa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuziondoa kasoro hizo.

Kutazama si kufundishwa

Tuchukue kazi ya boila. Kijana aliyejifunza kwa kutazama tu anajua kwamba maji yakipungua katika kioo, unaingiza mengine. Hilo ni kweli siku zote za kawaida. Lakini kama maji yameshuka hata hayaonekani kabisa katika kioo, kuingiza maji ni hatari kubwa. Chuma ndani kimekwisha pata moto kupita kiasi. Maji yakikigusa yanageuka mvuke kwa ghafula, na boila inaweza kupasuka na kuua watu. Kinachotakiwa ni kuzima moto, kuondoa watu karibu na kumwita fundi mkuu. Mtu hawezi kulijua jambo hilo kwa kutazama, kwa sababu pengine halitatokea hata mara moja wakati anapotazama. Lazima aelezwe, na aelezwe sababu yake.

Au tuchukue chai. Majani mawili na kichipukizi yakifika kiwandani hunyaushwa, husagwa, huachwa yachachuke, kisha hukaushwa. Pale pa kuchachusha saa peke yake haitoshi, maana siku ya baridi majani hukawia na siku ya joto huwahi. Fundi hutazama rangi ikiacha kijani na kuwa ya shaba, na hunusa. Akikosea, chai nyingi inaharibika. Pua na macho ya namna hiyo hayapatikani kwa siku moja. Yanapatikana kwa kusimama karibu na mtu anayejua, ambaye anakuuliza: "Wewe unaonaje, tayari au bado?" na kukusahihisha bila matusi.

Kwa nini mafundi wengine huficha ujuzi

Watu husema ni uchoyo. Mara nyingi si uchoyo, ni woga. Katika kiwanda kimoja fundi aliyefanya kazi zaidi ya miaka 20 alipewa vijana wawili awafundishe. Aliwafundisha kwa moyo mweupe. Walipoijua kazi, aliambiwa nafasi yake imefutwa. Vijana walibaki wakifanya kazi yake kwa mshahara wa vibarua. Mzee alipoteza kazi, vijana hawakupata cheo. Tangu siku ile hakuna fundi katika kiwanda kile anayemwonyesha mwenzake kitu. Mashine ikiharibika wanangoja mtu kutoka mjini, na siku hizo za kungoja vibarua hawaitwi kazini. Basi hasara ikawa ya wote.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini mwenye ujuzi huzeeka. Akiondoka bila kumwachia mtu, ujuzi wake unakwenda naye.

Tusiwasahau akina mama

Katika mashamba ya chai akina mama ni wengi katika kuchuma, lakini ni wachache sana kwenye mizani na mashine. Si kwamba hawawezi. Hawaitwi. Mchumaji mmoja alibahatika kupata karani mzee aliyemfundisha jioni baada ya kazi: kusoma mizani, kutoa uzito wa kikapu na kuandika daftari. Leo yeye ndiye karani wa kituo kile. Wachumaji hawagombani tena juu ya kilo, kwa sababu akiulizwa anafungua daftari na kuonyesha hesabu. Mtu mmoja alifundishwa, na kituo kizima kimefaidika.

Msingi wa madai yetu

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Namba 195 mwaka 2004. Linataka ujuzi wa mtu utambuliwe hata kama aliupata kazini na si darasani. Mwaka 2023 lilipitisha Pendekezo Namba 208 juu ya wanagenzi. Linataka mwanagenzi awe na mkataba wa maandishi, malipo yanayofaa na usalama kazini. Pendekezo si sheria ya kumshtaki mwajiri mahakamani. Lakini ni silaha nzuri mezani mnapojadiliana naye.

Hata vyeti vinawezekana. Kenya wana mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Tanzania, VETA hupima watu waliojifunza nje ya shule na kuwapa vyeti. Hapa Uganda sheria ya mwaka 2008 ilifungua njia ya kumpima mfanyakazi kwa kazi anayoiweza. Majina ya ofisi hubadilika, kwa hiyo ulizeni kwanza tawi lenu kabla ya kulipa nauli.

Mambo ya kudai katika mapatano na mwajiri

1. Majina ya anayefundisha na anayefundishwa yaandikwe, pamoja na kazi yenyewe na muda wake. Mafunzo yasiyo na mwisho ni njia ya kupata kibarua rahisi.

2. Fundi anayefundisha apewe nyongeza, na kipande chake kipunguzwe kwa muda huo. Huwezi kumaliza kipande kizima na kufundisha pia.

3. Fundi asiondolewe kazini kwa sababu amekwisha kumfundisha mwingine.

4. Fundi mmoja asirundikiwe wanafunzi wengi asioweza kuwaangalia.

5. Anayefanya kazi ya fundi alipwe mshahara wa fundi, tangu siku anapoachiwa mashine peke yake.

6. Mwajiri alipe ada ya mtihani wa ufundi, na siku ya mtihani isikatwe mshahara.

7. Nafasi za kujifunza zitangazwe ubaoni, wanaume na wanawake waombe sawasawa. Isiwe ni jamaa wa nyapara peke yao.

Na wewe mwenyewe usingoje mapatano. Nunua daftari dogo leo. Andika tarehe, mashine, kazi uliyofanya na jina la fundi aliyekuonyesha, naye atie sahihi. Daftari hilo litakusaidia siku ya kupimwa, na siku ya kudai cheo mjumbe wako atakuwa na kitu cha kuweka mezani badala ya maneno matupu.

Wajumbe wa matawi, wekeni jambo hili katika mkutano ujao. Hesabuni pamoja: ni wangapi hapa kazini wanafanya kazi ya fundi kwa mshahara wa kibarua? Ni mafundi wangapi wanakaribia kustaafu bila kumwachia mtu ujuzi? Mkiwa na hesabu hizo mbili mkononi, nendeni mkaonane na uongozi.