Mwalimu Yupo Kariakoo, Darasa Lipo Kibondo

Siku ambazo dirisha la maombi ya ajira za walimu liko wazi, steshenari za Mtaa wa Kongo na Msimbazi, Kariakoo, hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Wanaskani vyeti, wanatafuta mhuri wa wakili, wanapakia nakala kwenye Ajira Portal kabla mtandao haujaelemewa. Wamo wenye shahada ya ualimu ambao wakimaliza hurudi kwenye meza ya kava za simu, kwa sababu ndiyo inayowalipia chumba.

Zamani TAMISEMI iliwapangia wahitimu shule moja kwa moja. Siku hizi mwalimu hupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Usaili wa Januari 2025 ulivuta waombaji zaidi ya 200,000, na nafasi zilizokuwapo hazikufika 15,000. Naunga mkono usaili, maana unapunguza mwanya wa kujuana. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba tatizo letu si kukosa watu waliosomea ualimu.

Waliosoma nje wana mzigo wa ziada. Shahada ya chuo kikuu cha nje lazima itambuliwe na TCU, stashahada na NACTVET, na vyeti vya sekondari vya nje vilinganishwe na vya kwetu na NECTA. Wengi hukwama hapo kwenye NECTA. Mtu anakuja na shahada nzuri ya Kampala, TCU imeshaitambua, kumbe cheti chake cha sekondari cha Uganda hakijawahi kulinganishwa, na dirisha la maombi limebakiza siku tatu. Kama umesoma nje, anza na vyeti vya sekondari mapema, usisubiri tangazo. Asiye raia hana nafasi katika ajira hizi. Wakenya na Waganda tunaowaona katika shule binafsi za Dar es Salaam wako kwa kibali cha kazi na leseni ya kufundishia.

Kumbakiza mwalimu kituoni ndiko kugumu zaidi. Mwenye shahada huanza na ngazi ya mshahara ya TGTS D, awe anafundisha Uhuru Mchanganyiko hapa Kariakoo au shule ya kijijini Kibondo, mkoani Kigoma. Wa Kibondo anatafuta chumba katika kijiji kisicho na nyumba za kupanga, na akiugua anapanda bodaboda kufuata kituo cha afya. Haishangazi kwamba baada ya muda anaandika barua ya uhamisho, au anaingia kwenye makundi ya WhatsApp kusaka mwenzake wa kubadilishana. Wanaotaka kuja Dar es Salaam ni wengi, wa kutoka ni wa kutafuta kwa tochi. Anayekosa huondoka kwa njia nyingine: ruhusa ya kwenda masomoni, ugonjwa, ndoa. Wanafunzi ndio hubaki.

Tumewahi kukimbilia idadi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini ili kutimiza UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Shule za kata zilipofumuka miaka ya 2000, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache, na mitaa ikawabatiza Voda Fasta. Mara zote mbili madarasa yalipata watu haraka, na sehemu ngumu ziliendelea kukimbiwa.

Kenya hulipa walimu posho ya mazingira magumu katika maeneo yaliyotajwa rasmi. Kwetu Chama cha Walimu kimelilia jambo hilo miaka mingi. Usaili pekee hautamfanya mtu akae Kibondo.

Kwa mtaala mpya, wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, na watahitaji walimu wanaokaa kituoni. Naiomba Serikali itenge fungu la nyumba za walimu na posho ya mazingira magumu sasa, kabla kibali kingine cha ajira hakijatoka.